Nyimbo Mia za Willie Nelson

Mwezi Aprili 2008, Willie Nelson, mwimbaji na mtunzi wa kantri wa Marekani, alipokuwa anatimiza miaka 75, kampuni za Columbia na Legacy zilitoa mkusanyiko wa sidii nne wenye nyimbo 100, nao ukapewa jina la "One Hell of a Ride". Wimbo unaofungua sidii ya kwanza ni "When I've Sung My Last Hillbilly Song", alioimba mwaka 1954 alipokuwa mtangazaji wa redio katika mji mdogo wa Texas. Wimbo unaofunga sidii ya nne ni huo huo, alioimba upya mwaka 2007. Kati ya rekodi hizo mbili kuna miaka 53, kampuni za kurekodi zisizopungua sita, nyumba iliyoteketea kwa moto, deni la kodi la mamilioni ya dola, na usiku usiohesabika wa kupanda jukwaani.

Mikusanyiko ya namna hii hutolewa kila mwaka, na mingi yake ni njia ya kuuza tena kile kilichokwisha kuuzwa. Huu nauweka mbali na mingine. Ukiusikiliza kwa mfuatano bila kuruka, unamsikia mtu aliyekataa kwa nusu karne kuimba pale mdundo ulipomtaka aimbe, na unasikia pia jinsi ilivyowachukua wenye studio karibu miaka 20 kukubali kwamba hiyo ilikuwa ndiyo tunu yake.

Nieleze ninachokisema. Waimbaji wengi wa kantri wa rika lake walilipanga neno juu ya pigo la ngoma, mstari ukaanza na muziki na kuisha na muziki. Nelson hungoja. Bendi inatangulia, nafasi ya neno la kwanza inapita, msikilizaji anadhani amesahau, kisha anaingia na kukusanya maneno manne au matano kwa pamoja, anawapita wapigaji wenzake, na mwisho wa mstari anasimama kuwangoja wamfikie. Anaimba karibu na namna mtu anavyozungumza anapotafuta neno linalofaa. Amesema mara nyingi kwamba Frank Sinatra ndiye mwimbaji aliyemhusudu kuliko wote, na katika gitaa alimfuata Django Reinhardt, yule mpigaji wa Ufaransa aliyelisarifu gitaa kwa vidole viwili vizima vya mkono wake wa kushoto. Wote wawili walikuwa watu waliocheza na wakati, na hakuna kati yao aliyehesabiwa kuwa mtu wa kantri.

Rekodi ya 1954 ina historia inayostahili kusimuliwa. Nelson alizaliwa Abbott, Texas, mwaka 1933, akalelewa na babu na bibi yake pamoja na dada yake Bobbie, aliyekuwa akipiga piano. Utotoni alichuma pamba shambani, na kabla hajabalehe alikuwa tayari anapiga gitaa katika bendi ya polka ya wahamiaji wa Kicheki. Baada ya kupita jeshi la anga kwa muda mfupi alipata kazi katika kituo cha redio cha KBOP mjini Pleasanton. Hapo kituoni alichukua utepe uliokwisha kutumika, akarekodi juu yake nyimbo zake mbili, akaupeleka kwa kampuni ndogo iliyoitwa Sarg. Hakupewa mkataba.

Sauti iliyomo ndani ya utepe huo ni nyembamba, ya kijana anayejua nyimbo za wakubwa wake na anajaribu kusimama kama wao wanavyosimama. Maneno yanaangukia mahali pake kwa utii. Ukitoka hapo ukaenda moja kwa moja hadi rekodi ya 2007, sauti imeshuka na imekauka, mikwaruzo inasikika mwanzoni mwa kila mstari, lakini mwimbaji hana haraka yoyote. Anauacha wimbo upumue mahali ambapo kijana wa 1954 aliogopa kuuacha. Maneno yale yale ya mtu anayeagana na kuimba, yaliyokuwa ya kujifanya kinywani mwa kijana wa miaka 21, yanapata mwenyewe. Waliopanga mkusanyiko walifanya uamuzi wa busara kuziweka rekodi hizo kwenye ncha mbili, na ningemshauri msikilizaji mgeni azisikilize zikifuatana kwanza, kabla ya kuingia katika nyimbo 98 zilizobaki.

Sidii ya kwanza ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa kuwa ndani yake anasikika mtunzi kabla hajapata wa kumsikiliza akiimba. Mwaka 1957, akiwa mtangazaji huko Vancouver katika jimbo la Washington, alijilipia mwenyewe gharama za kutoa "No Place for Me" na kuiuza kupitia kipindi chake cha redio. Baadaye akahamia Houston, akawa anafundisha gitaa mchana na kupiga muziki katika kumbi za usiku, mfuko ukiwa mtupu. Hapo ndipo alipouza wimbo wake wa "Family Bible" kwa dola 50, na "Night Life" kwa dola 150. Kuuza hapa kulikuwa kuuza kabisa, jina la mtunzi na mirabaha yote vikienda kwa mnunuzi. Claude Gray alipoimba "Family Bible" mwaka 1960 na wimbo ukaingia katika kumi bora za kantri, aliyeutunga hakupata senti zaidi ya zile dola 50.

"Night Life" una kisa kingine kinachoonyesha tatizo lake lilikuwa wapi. Aliutunga akiwa garini, akiendesha usiku kati ya nyumbani kwake na ukumbi wa Esquire alikokuwa akipiga muziki. Bosi wa kampuni iliyokuwa imemwajiri kurekodi, Pappy Daily, aliusikia akasema huo si wimbo wa kantri, na akakataa kuutoa. Kweli wimbo una harufu nzito ya bluzi, gitaa lake linazunguka zunguka kama gitaa la jazi, na sauti imelegea nyuma ya mdundo. Nelson na wenzake waliurekodi kwingine na kuutoa chini ya jina la Paul Buskirk and the Little Men, naye akitajwa kama Hugh Nelson ili asishitakiwe. Miaka michache baadaye Ray Price aliufanya kuwa nguzo ya maonyesho yake, na leo ni vigumu kuorodhesha nyimbo muhimu za kantri bila kuutaja. Daily alilisikia vizuri alilolisikia. Wimbo haukuwa wa kantri kama kantri ilivyokuwa wakati ule.

Sisi tuliokulia pwani, tuliosikiliza taarabu majumbani na arusini, tumezoea kwamba anayetunga shairi anaweza kuwa mtu mmoja na anayeliimba mwingine, na heshima ya kila mmoja ina mahali pake. Nashville ya 1960, mji wa Tennessee uliokuwa kitovu cha kantri, nayo ilikuwa na mgawanyo wake wa kazi. Nelson alipofika huko akawa anashinda katika baa ya Tootsie's Orchid Lounge, nyuma ya ukumbi wa Ryman, ambako watunzi waliimbiana nyimbo zao usiku. Mtunzi mwenzake Hank Cochran alimsikia hapo, akampeleka kwa kampuni ya Pamper Music, na inasimuliwa kwamba aliacha nyongeza yake mwenyewe ya mshahara ya dola 50 kwa wiki ili fedha hizo ziwe mshahara wa Nelson. Walifanya kazi katika chumba kidogo, zamani gereji, chenye mlango, dirisha na kuta tupu. Siku moja Cochran alitoka kwenda kupokea simu, na aliporudi akamkuta mwenzake amekwisha kutunga wimbo wa mtu aliyeachwa anayezisalimu kuta za chumba chake, kisha dirisha, kisha dari. Hiyo ndiyo "Hello Walls". Mwimbaji Faron Young aliuimba mwaka 1961, ukakaa namba moja kwa wiki tisa. Kabla haujatoka, Nelson alitaka kumuuzia haki zote kwa dola 500. Young akakataa kuzinunua na badala yake akamkopesha fedha hizo. Kwa wema huo Nelson alianza kuishi kwa kalamu yake.

Mwaka huo huo ukatoka "Crazy", na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo jambo langu linadhihirika waziwazi namna hii. Nelson na Cochran walikwenda usiku nyumbani kwa mwimbaji Patsy Cline na mume wake kuupeleka, na Nelson kwa haya akabaki garini hadi alipoitwa aingie. Cline hakuupenda mwanzoni. Alichosikia katika utepe wa majaribio kilikuwa mtu anayezungumza zaidi kuliko kuimba, na kila alipojaribu kumfuata alijikuta hajui aingie wapi. Mtayarishaji Owen Bradley ndiye aliyempatia njia, kwa kumwambia aache kumwiga mtunzi na auimbe kwa namna yake. Mwezi Juni Cline alikuwa amepata ajali mbaya ya gari, na walipoingia studio mwezi Agosti mbavu zilikuwa bado zinamuuma kiasi cha kushindwa kuzifikia noti za juu. Wapigaji walirekodi muziki peke yake, Floyd Cramer akiwa kwenye piano na kundi la Jordanaires wakiitikia nyuma, na Cline akarudi siku nyingine kuweka sauti.

Matokeo ni moja ya rekodi nzuri kuliko zote zilizopata kutengenezwa Nashville. Kila neno limeviringishwa, kila mstari unapanda na kushuka kwa ukamilifu, na ulipanda hadi namba mbili katika kantri na kuingia pia kumi bora za pop. Sasa msikilize mtunzi mwenyewe, katika rekodi aliyoifanyia kampuni ya Liberty na iliyotoka mwaka 1962. Anaanza mstari wa kwanza kana kwamba alikuwa akiwaza jambo jingine. Cline ni mwanamke anayelia mbele ya watu kwa heshima. Nelson ni mwanamume aliyeketi jikoni usiku wa manane anayejieleza ujinga wake mwenyewe, na hata machozi hayajamfikia. Maneno ni yale yale, sauti ya wimbo ni ile ile, na tofauti yote imo katika wapi neno linaanguka. Siwezi kusema ipi ni bora, ila ya Nelson ndiyo inayonifanya nisikilize maneno.

Kuanzia mwisho wa 1964 alikuwa katika kampuni ya RCA, chini ya Chet Atkins, mpigaji gitaa hodari na mtu mwungwana kwa kila aliyemfahamu. Miaka hiyo ndiyo inayoutia mkusanyiko huu uzito ambao albamu ya nyimbo zilizovuma peke yake isingekuwa nao. Nashville ilikuwa inatafuta wasikilizaji wa mjini, na njia iliyopatikana ilikuwa kuweka fidla nyingi na kwaya laini nyuma ya kila mwimbaji. Kwa Jim Reeves njia hiyo ilifanya maajabu. Kwa Nelson ilikuwa mgongano, kwa sababu fidla ishirini haziwezi kumngoja mtu mmoja anayechelewa. Zimeandikiwa noti zao na zinaingia kwa wakati wake. Unamsikia akijaribu kujivuta kando na kundi zima likimpita. Nyimbo zenyewe ni nzuri, baadhi ni nzuri mno, ila hakuna hata moja aliyoitoa RCA iliyofika kumi bora. Ninawashukuru waliochagua nyimbo kwa kutoificha miaka hiyo, maana bila kuisikia mtu hawezi kuelewa nini kilichovunjika baadaye.

Desemba 1970 nyumba yake ya Ridgetop, nje ya Nashville, iliungua. Alirudi Texas, mwanzo kwa muda, kisha moja kwa moja, akakaa Austin. Huko alikuta vijana wenye nywele ndefu na wakulima wenye kofia pana wakiingia ukumbi mmoja, Armadillo World Headquarters, alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza Agosti 1972. Akaacha ndevu na nywele zikue. Yote haya yameandikwa sana, na picha yake ya misuko miwili na kitambaa kichwani inajulikana hata na wasiojua wimbo wake mmoja, kwa hiyo nitayapita niende kwenye kitu alichokiokoa kutoka ndani ya nyumba ile iliyokuwa ikiwaka: gitaa lake.

Mwaka 1969 gitaa lake la awali, la kampuni ya Baldwin, lilikanyagwa na mlevi ukumbini. Alilipeleka kwa fundi Shot Jackson huko Nashville, ambaye alimwambia kwa simu kwamba halitengenezeki, lakini anaweza kuchukua kinasa sauti cha gitaa hilo, kifaa kinachoipeleka sauti ya nyuzi kwenye spika, na kukiweka ndani ya gitaa jingine alilokuwa nalo dukani, Martin N-20. Nelson alilinunua kwa dola 750 bila kuliona, na baadaye akalipa jina la Trigger, ambalo ni jina la farasi wa mwigizaji Roy Rogers. Martin N-20 ni gitaa la nyuzi za nailoni, lililotengenezwa kwa ajili ya kupigwa kwa ncha za vidole, kwa hiyo halina ubao wa kuzuia mikwaruzo. Nelson analipiga kwa kibao cha plastiki kama gitaa la nyuzi za chuma, na mkono wake umesugua mbao mwaka hadi mwaka mpaka pametokea tundu la pili chini ya lile la sauti, ukubwa wake unaweza kupitisha vidole kadhaa. Juu ya mbao kumejaa sahihi za marafiki zake. Fundi mmoja wa Austin, Mark Erlewine, amekuwa akiliimarisha kutoka ndani kwa miaka mingi ili lisije likapasuka.

Sauti ya gitaa hilo ni kavu, ina mlio wa kukwaruza kidogo kwenye nyuzi za chini, na mtu akilisikia mara moja hawezi kulikosea. Kwenye sidii ya pili unaisikia ikiingia na kuchukua mahali pa fidla. Kuanzia "Shotgun Willie" ya mwaka 1973, aliyoirekodi New York kwa kampuni ya Atlantic, bendi ni yake mwenyewe: Bobbie kwenye piano, Paul English kwenye ngoma, na muda si mrefu Mickey Raphael na harmonika yake. Hawa ni watu waliokuwa wakimsikiliza kila usiku, na wanajua atachelewa, kwa hiyo wanamwachia nafasi ya kuchelewa. Ndiyo maana nasema kilichobadilika mwaka 1973 hakikuwa mwimbaji. Bobbie hasa ni wa kusikilizwa kwa makini. Piano yake ina mkono wa kanisani, mnyoofu, na yeye ndiye anayemshikia kaka yake mlango wazi mpaka arudi.

Hapa pia ndipo ninapokuwa na lalamiko kubwa juu ya mkusanyiko. "Phases and Stages" ya 1974 inasimulia talaka moja, upande wa kwanza wa santuri kwa macho ya mke na upande wa pili kwa macho ya mume. "Red Headed Stranger" ya 1975 ni kisa cha mhubiri aliyemwua mkewe na kuzurura na dhambi hiyo, na nyimbo zake zinaingiliana kama beti za utenzi mmoja. Ukiutoa "Bloody Mary Morning" katika albamu ya kwanza unapata wimbo mwepesi wa mtu aliyelewa asubuhi ndani ya ndege. Ukiuacha mahali pake unamsikia mume ambaye hajui hata kidogo kile ambacho msikilizaji amekwisha kukijua kutoka kwa mke. Mpangaji wa mkusanyiko angeweza kuziweka nyimbo tatu au nne za "Red Headed Stranger" zikifuatana kama zilivyo, mtu akaonja simulizi. Nyimbo mojamoja zilizochaguliwa zinapendeza, ila zimebaki kama beti zilizonyofolewa katika utenzi.

Albamu hiyo ya 1975 ilirekodiwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo katika studio ya Garland, Texas. Mkataba wake mpya na Columbia ulimpa uamuzi wa mwisho, na bahati nzuri ulimpa, maana baadhi ya wakuu wa kampuni walipousikia utepe walidhani ni wa majaribio unaosubiri kuongezewa ala. "Blue Eyes Crying in the Rain", iliyotungwa na Fred Rose miaka ya 1940, haina zaidi ya gitaa, sauti, na vyombo viwili vitatu vinavyogusa na kuondoka. Wimbo huo ulimfikisha namba moja kama mwimbaji kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 42.

Kuna jambo la kufikirisha hapo. Mtu aliyeingia Nashville kama mtunzi alipata namba moja yake kwa wimbo wa mtu mwingine, na kuanzia hapo nyimbo za wengine zinaongezeka katika mkusanyiko. Mwaka 1978 alitoa "Stardust", nyimbo kumi za zamani za Marekani, mtayarishaji akiwa Booker T. Jones, mpigaji wa ogani aliyekuzwa na muziki wa soul wa Memphis. Kampuni iliogopa kwamba mashabiki wa kantri watamkimbia. Albamu iliuza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani peke yake. Wapo wanaoona kwamba tangu hapo mtunzi alizimika ndani yake, na kwa hesabu ya nyimbo mpya wana hoja. Mimi naona "Georgia on My Mind" ya Nelson ni utunzi pia. Kila mtu anaujua wimbo huo kwa Ray Charles, na Nelson anauchukua, anauondolea kilio chote, anauacha kila mstari karibu uanguke kabla ya kuudaka. Ndiyo kazi ile ile aliyoifanya katika "Crazy", sasa akiifanya juu ya maneno asiyoyaandika.

Miaka ya 1980 inapita kwa kasi, na kwa masikio yangu ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya sidii nne, ingawa ndiyo iliyomtajirisha. "On the Road Again" aliutunga ndani ya ndege juu ya mfuko wa karatasi wa kutapikia, alipoombwa wimbo kwa ajili ya filamu. "Always on My Mind" ya 1982 ilimletea tuzo ya Grammy na bado inanigusa. "Pancho and Lefty" ya mwaka 1983, akiwa na Merle Haggard, ni kisa cha jambazi na msaliti wake kilichotungwa na Townes Van Zandt, na sauti mbili hizo zilizochoka zinakifaa kuliko nyingine yoyote. Kisha kuna "To All the Girls I've Loved Before" ya 1984 pamoja na Julio Iglesias. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki huo ndio uliokuwa mlango. Redio za Nairobi na Dar es Salaam ziliupiga pamoja na Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, na kantri ikapata kwetu, hasa Kenya, wapenzi wasiopungua hadi leo. Ninaupenda wimbo huo kwa ajili ya kumbukumbu. Nikiusikiliza katikati ya nyimbo hizi mia, namsikia Iglesias akiimba juu ya pigo kwa nidhamu na Nelson akitembeatembea nyuma yake, na ni rahisi kuelewa kwa nini utotoni nilidhani yule wa pili anazungumza tu.

Mwaka 1990 mamlaka ya kodi ya Marekani ilimdai dola milioni 16.7 na kutwaa mali zake. Binti yake alilificha Trigger lisije likapigwa mnada. Ili kulipa sehemu ya deni alitoa albamu ya sauti na gitaa tupu, nyimbo zake za zamani bila mtu mwingine yeyote chumbani, na suala likamalizwa kwa makubaliano mwaka 1993. Anayetaka kumsikia bila bendi aitafute albamu hiyo yenyewe, "The IRS Tapes: Who'll Buy My Memories?", kwani ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote jinsi gitaa lake linavyochelewa pamoja na sauti yake. Atafute vilevile "Spirit" ya 1996, yote ikiwa ni tungo zake, iliyopigwa na watu wanne bila ngoma: yeye, Bobbie, Jody Payne kwenye gitaa na Johnny Gimble kwenye fidla. Humo fidla ni moja, na inamngoja.

Mkusanyiko uliishia 2007 kana kwamba hesabu inafungwa, na mwenyewe hakuifunga. Kwa miaka iliyofuata alipata mtayarishaji anayeelewana naye, Buddy Cannon, na wawili hao wametunga nyimbo nyingi kwa kutumiana mistari kwa ujumbe wa simu, mmoja akituma ubeti na mwingine akirudisha wa pili. Bobbie alifariki Machi 2022, wiki saba hivi kabla ya kaka yake kutoa "A Beautiful Time" siku alipotimiza miaka 89. Albamu ya 2024, "Last Leaf on the Tree", ilitayarishwa na mwanawe Micah. Sidii ya tano inadaiwa, na kama ningeulizwa ianze na wimbo gani ningeutaja "Something You Get Through" wa mwaka 2018, ambao yeye na Cannon waliutunga juu ya kufiwa na jinsi mtu anavyoupita msiba bila kuumaliza. Kwenye mstari wa kwanza piano inaanza, nafasi ya kuingia inapita, naye bado hajaimba. Huo ndio utunzi wake bora tangu "Spirit", na unasimama bila aibu kando ya nyimbo za sidii ya kwanza.